Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: ruzuku ije kabla paa halijaanguka

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi mitambo mstaafu. Kila Jumamosi asubuhi, mimi na wenzangu wanne tunafungua chumba cha injini cha kiwanda kilichofungwa zamani, tunapachika nondo kwenye flaiweli, lile gurudumu zito la kando ya injini ya mvuke, na kuisukuma mpaka izunguke nusu duru. Nusu tu. Shafti ikilala pale pale miaka nenda miaka rudi, oili iliyo chini yake hukauka, kutu huingia kwenye beringi, na siku mtakapotaka kuiwasha mbele ya wageni haitatikisika. Kazi yenyewe ni ya saa moja na kopo la oili. Haijawahi kupata ruzuku hata ya kopo hilo.

Si kwamba hatukuomba. Juu ya injini kuna bati lililotoboka, na tone lake linaangukia kwenye kikombe cha shaba cha kutilia oili. Mvua ikinyesha usiku kucha, kikombe kinajaa maji, na maji hayo ndiyo yanayoshuka kwenye beringi. Tumetega ndoo. Tukauandikia mfuko mmoja, ambao sitautaja, tukaomba mabati na mifereji ya paa. Jibu likaja kwamba mfuko hugharimia ukarabati, haugharimii matengenezo ya kawaida. Kwa lugha ya karakana: subirini paa lianguke, ndipo mje. Habari ya ufa na ukuta tunawafundisha watoto wadogo, lakini aliyeandika masharti yale nadhani siku hiyo hakuwa darasani.

Hata wanaokubaliwa hawapumui. Sharti ni kutoa robo ya gharama mfukoni mwao, kufanya kazi yote kwa fedha zao, kisha kupeleka risiti na kusubiri kurudishiwa. Kampuni kubwa inaweza. Wazee watano wenye spana hawawezi.

Mheshimiwa, kiwanda cha hariri cha Tomioka, Japani, kilijengwa mwaka 1872 na kufungwa mwaka 1987. Kampuni iliyokimiliki ilikataa kukiuza, kukipangisha au kukibomoa. Iliendelea kukitunza kwa gharama zake hadi ilipokikabidhi kwa mji mwaka 2005. Mwaka 2014 UNESCO ikakiingiza kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Wengi hupiga picha matofali yake. Mimi naihusudu ile miaka 18 ya watu kukagua paa la jengo lisiloingiza hata senti.

Sasa tazama Humberstone na Santa Laura, viwanda vya chumvi ya nitrati kwenye jangwa la Chile. Vilikuwa vya mbao na mabati, na baada ya kuachwa, upepo na wezi wa vyuma walijichukulia walichoweza. Mwaka 2005 viliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia na papo hapo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Vilitolewa humo mwaka 2019. Miaka 14 ya kukimbizana na uharibifu uliokwisha kutokea.

Sisemi kila bohari lenye bomba la moshi lihifadhiwe. Mengine yabomolewe, tena upesi. Wala sisemi fedha kubwa hazina kazi: mabomba yetu yamefungwa asbestosi, nyuzi za kuzuia joto ambazo vumbi lake hudhuru mapafu, na kuiondoa ni kazi ya wataalamu wenye vifaa, si ya wazee wa Jumamosi. Ninachoomba ni fungu dogo la matengenezo litakalolipwa mwanzo, si mwisho, na ambalo fomu yake haizidi kurasa mbili. Bati, mifereji, oili, kufuli la mlango. Anayenunua vyuma chakavu hana fomu, Mheshimiwa. Anakuja na mizani na noti mkononi.

Na ndani ya fungu hilo, tenga kidogo kwa ajili ya kinasa sauti. Mkataba wa Nizhny Tagil wa mwaka 2003, unaohusu urithi wa viwanda, unasema wazi kwamba ujuzi wa watu katika kazi hizi za kale unapaswa kurekodiwa na kurithishwa kwa vijana. Kwetu alikuwepo mzee mmoja wa boila aliyekuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye beringi na mpini wake sikioni, akasikiliza, kisha akatuambia wiki ngapi zimebaki kabla haijaharibika. Alifariki kabla hatujamuuliza alikuwa akisikia nini hasa. Fomu ile ilituuliza tunatarajia watalii wangapi kwa mwaka. Kuhusu watu kama yeye haikuwa na swali hata moja.

Jumamosi tutakuwepo kama kawaida, kuanzia saa tatu asubuhi. Ukija, vaa nguo usizozionea uchungu. Nafasi kwenye nondo ipo.

Wako mtiifu,
Fundi mitambo mstaafu