Rasi itazamwe maji yakiwa yamepwa

Ndugu Mhariri,

Viwanja vya kando ya bahari vinagombewa kuanzia Mchinga hadi Msimbati, na vinavyotafutwa zaidi ni vya juu ya rasi, penye upepo na mandhari. Mnunuzi huletwa maji yamejaa, akasimama ukingoni, akaona bahari mbele na vichaka nyuma. Dalali humwambia: hapa ni mwamba, nyumba haitikisiki. Kosa linaanzia hapo. Rasi za kwetu hukaguliwa kutoka chini, tena siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine.

Mwamba wenyewe ni matumbawe ya kale. Yalikua baharini zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo, kisha maji yakashuka yakayaacha nchi kavu. Ukiukaribia ukuta utaona mistari ya matumbawe na makombe yaliyogandamana humo. Yote hiyo ni chokaa, na chokaa huyeyuka polepole kwa maji ya mvua. Ndiyo maana juu pamechongoka kama meno ya msumeno na kandambili hazifiki mbali.

Chini, pale maji yanapopanda na kushuka kila siku, mwamba umeliwa kwa ndani. Mawimbi yenye mchanga husugua, lakini kazi kubwa hufanywa na viumbe: konokono wanaokwangua mwani ulioota ndani ya jiwe, chaza wanaotoboa, na wale wenye miiba wanaojichimbia vishimo vya kulala. Kasi yao hupimwa kwa milimita kwa mwaka, kwa hiyo hakuna anayeistukia. Kinachobaki ni dari lililotokeza juu ya maji bila nguzo. Dari halimomonyoki kidogo kidogo. Huanguka pande zima kwa mara moja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tatizo ni utepe unashikiliwa wapi. Wengi huanzia ukingo wa juu, kumbe ukingo huo ni ncha ya dari. Kipimo chenye maana kianzie nyuma kabisa ya pango. Namna ya kukipata ni nyepesi na inahitaji watu wawili: mmoja juu anashusha kamba iliyofungwa jiwe mpaka iguse chini, wa pili, maji yamepwa, anapima kwa ulalo kutoka kwenye kamba hadi ukuta wa ndani. Rudieni mahali patatu, mchukue kipimo kikubwa, na mkiongeze kwenye zile 60. Mkiwa juu, tafuteni nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo. Ufa unaomeza kijiti chote, au wenye mizizi iliyopita hadi upande wa pili, ni mahali mwamba ulipokwisha kuamua kuachana. Chini nako tazameni mapande yaliyoanguka. Jiwe lililovunjika zamani ni la kijivu au jeusi. Lililovunjika karibuni ni jeupe. Weupe ukionekana, msiweke hata benchi juu yake.

Jambo la pili ni choo. Mwamba huu una matundu na mifereji mpaka baharini, hivyo choo cha shimo hakichuji kitu. Uchafu hupita kwenye nyufa kama maji kwenye chungio, ukaingia kisimani kwa jirani na kwenye matumbawe hai kwa pamoja. Kwenye rasi panafaa tangi lililozibwa sawasawa, linalonyonywa na gari. Kama gari haliwezi kufika, basi na nyumba isiwepo.

Vichaka vya juu havina sura ya kuvutia, tunakubali: vifupi, vimelazwa na upepo wa kusi, vimejaa miiba. Ila mizizi yake ndiyo inayokamata udongo kidogo uliomo kwenye mashimo ya mwamba. Huku mvua ni za msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na pori likichomwa Oktoba kuandaa kiwanja, mvua za kwanza huufagia udongo wote hadi kwenye matumbawe na kuyafukia. Humo vichakani mna sange, mwenye pua kama mkonga mdogo, anayefagia majani kwenye vijia vyake mwenyewe. Akivikosa hana pa kukimbilia. Mapangoni mna popo, nao ndio wanaochavusha maua ya mbuyu yanayofunguka usiku. Na ukutani kabisa kuna mjusi mdogo mwembamba ambaye wageni humpita bila kumwona. Macho yake hayafumbi. Maji yakipwa hushuka hadi penye unyevu kula vijidudu, wimbi likija hupanda mbio. Mijusi wengi hukimbia chumvi. Yeye ndiko anakokula.

Sasa kushuka chini. Siku ya mwezi mwandamo au mpevu, na moja mbili zinazofuata, maji hupwa kabisa saa 4 asubuhi hivi na tena saa 4 usiku. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Shukeni saa moja na nusu kabla ya mwisho wa kupwa, na maji yakisimama mwanze kurudi. Yakianza kupanda, saa ya kwanza hupanda kidogo mno, ndipo watu wanapojisahau. Saa ya tatu na ya nne hupanda robo ya kimo chote kila saa. Bamvua likiwa la mita 3, hizo ni sentimita 75 kwa saa, kutoka kifundo hadi mapajani. Njia hufungwa kwanza kwenye ncha ya rasi, ambako dari limetokeza na hakuna pa kupandia. Wakati wa kusi msizunguke ncha kwa miguu hata kama maji ni madogo.

Vaeni viatu vya mpira, kanyageni mchanga au jiwe tupu, na kila jiwe mlilopindua mlirudishe lilivyokuwa. Upande wa chini una mayai na viumbe wasiostahimili jua. Likiachwa chali, vyote hufa kabla ya maji kurudi. Wachokoaji wa pweza wanalijua hili, ila nondo ikibomoa tundu zima ili kumtoa pweza mmoja, tundu hilo halipati mpangaji mwingine. Pweza aliye chini ya nusu kilo aachwe. Hukua upesi, na miezi michache tu humwongezea uzito wa kutosha.

Tumbawe ni kinyume chake. Lile kubwa la mviringo hukua kama sentimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo pande la kubebwa na watu wawili lina umri wa wazee wetu. Kulitia kwenye tanuri la chokaa, juu ya magogo ya mikoko, ni kuchoma mazalio mawili kwa moto mmoja. Jiwe la kuchimbwa nchi kavu hutoa chokaa pia.

Madhara hayaishii kwetu. Mkondo mkubwa unaotoka mashariki hugonga pwani karibu na mpaka wetu na Msumbiji ukagawanyika, tawi moja likashuka kusini, jingine likapanda kuelekea Kilwa, Mafia na Zanzibar, limebeba mayai na vifaranga vya samaki na matumbawe. Msimbati na Ruvula zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa 2000 ikiwa na kilomita za mraba 650. Rasi nyingine zinategemea kamati za vijiji na busara ya mwenye hati.

Anayetaka mandhari na asijenge ana mengi ya kuona. Julai hadi Oktoba nyangumi wenye nundu hupita na ndama wao. Kutoka juu ya rasi, asubuhi kabla ya upepo, moshi wa pumzi zao huonekana bila darubini. Kuanzia Agosti hufika wale ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mzito, wala kaa, waliozaliana kwenye mashimo ya mchanga Somalia na Uarabuni. Maji yakijaa hupumzika makundi kwa makundi kwenye mafungu ya mchanga. Wasikurupushwe, wanangoja maji yapwe wale.

Mhariri, gazeti huchapa ratiba ya ligi kila wiki. Tunaomba pembeni yake mtupatie nafasi ya mistari miwili: tarehe za bamvua na saa za maji kupwa Mtwara na Lindi. Mnunuzi wa kiwanja aione kabla ya kuonana na dalali.

Ni sisi wasomaji wenu,
Mikindani, Mtwara