Kaunta ya kufichia tableti na kaunta ya kuchorea

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Kuna msomaji mwenzangu aliandika hapa akilalamika kwamba vijana wa Mbeya saivi wanaficha tableti ndani ya madaftari, kwamba ni ujanja ujanja wa kitapeli, mtu anakaa kwenye daladala unadhani anapitia mahubiri kumbe anaangalia mpira. Mimi nina duka la steshenari maeneo ya Kabwe na hizo kaunta, yale madaftari makubwa ya gamba gumu, wananunua kwangu, kwa hiyo nina la kusema.

Kwanza sio utapeli bana. Mtu anatoka Mafiati anaenda Uyole jioni, gari limejaa mpaka mlangoni, akitoa tableti ya inchi 10 inawaka pale kila mtu kashaiona, na akikaa dirishani ndo kabisaa, gari likisimama kidogo mkono unapita. Akishika kaunta, nani ana haja na daftari la mtu? Na haijaanzia kwetu. iPad ilivyotoka 2010 kule San Francisco kuna kampuni inaitwa DODOcase ikaanza kutengeneza makava kwa ufundi ule ule wa zamani wa kujalidi vitabu, nje gamba la kitabu ndani fremu ya mwanzi, alafu wakaja Twelve South na kava lao la ngozi linafanana na kitabu cha babu kilichokaa kabatini miaka. Hizo ni za wenye hela, sisi tunachukua kaunta nene, ile ya kwaya tatu, tunapaka gundi nyeupe ya mbao kwenye kingo za karatasi zote, tunaikandamiza na tofali usiku kucha, asubuhi unakata dirisha katikati na wembe, tableti inaingia humo inatulia.

Ila wanaotengeneza wajue mambo mawili matatu. Msichaji tableti ikiwa imefungwa humo ndani, karatasi inashika joto na betri za lithiamu hazipendi joto kabisa. Alafu tableti nyingi, kuanzia iPad 2 ya mwaka 2011 huko, zina kitu ndani kinachohisi sumaku, ukigandisha kasumaku kadogo kwenye gamba basi ukifunga daftari skrini inazima yenyewe, sumaku unaitoa kwenye spika mbovu, unaipitisha taratibu pembeni mwa skrini mpaka uone inazima ndo unajua pa kuigandisha. Lakini kadi ya benki yenye ule mstari mweusi usiiweke humo humo, sumaku inaweza kuuharibu. Na usijidanganye kwamba kava ndo ulinzi, kama tableti yako inatumia laini piga *#06#, au kama haipigi simu angalia kwenye seting, uandike namba ya IMEI, ile inayotambulisha kifaa chako, mahali pengine nyumbani, ikiibiwa uwe na cha kupeleka polisi, na kama ni ya waifai tu haina IMEI kwa hiyo andika ile siriali namba ya nyuma au kwenye seting.

Sasa nilichotaka kusema hasa sio hicho. Mimi shida yangu na hizi kaunta za kutoboa ni kwamba mtu akishafungua anazama humo, hasalimii, haulizi, gari zima linafika Uyole mama wa viazi anagonga dirisha yeye hajui yuko wapi. Kaunta ile ile ukiiacha na karatasi zake ukaongeza penseli ya 2B, ukakaa Sokomatola au pale Mwanjelwa ukaanza kuchora hata kitu cha kijinga, toroli, meza ya parachichi, fundi cherehani, nakuapia dakika chache tu una watu mgongoni. Watoto ndo wanatangulia, alafu konda, alafu mzee mmoja hivi ambaye kila mahali yupo, anakwambia mguu wa toroli umeupinda. Umeshapata rafiki hapo.

Jaribu kufanya hivo na simu uone. Ukiinyanyua tu mama anavuta kitenge anafunika uso, "unanipiga picha unipeleke wapi?", na ana haki yake, picha ni sekunde moja inaondoka na sura yake na yeye hajui itatokea kwa nani, kesho watu wanamcheka kwenye magrupu. Mchoro unachukua muda, anakuona unahangaika, unafuta, unarudia, anaweza kuja kuangalia umefikia wapi, akikataa unafunga daftari mbele yake yameisha. Nani ataogopa mtu anayehangaika na sikio la ng'ombe robo saa nzima?

Ingawa kaunta nayo ina balaa lake. Nilishuka Kyela nikaenda mpaka Lyulilo, pale jirani na Matema, kwenye soko la vyungu ambako wamama wa Kikisi wanaleta vyungu vyao kwa mitumbwi. Nikakaa pembeni nikafungua kaunta, bibi mmoja akaanza kusogeza vyungu vyake nyuma taratibu. Nikamwambia shikamoo bibi, akaitika marahaba huku ananiangalia vibaya, akauliza wewe ni wa ushuru? Siku hizi wa ushuru wanatembea na mashine lakini daftari kubwa jeusi bado linawatisha watu, na sio kule tu, hata huku mjini nimeshaulizwa kama natoka halmashauri. Nikamgeuzia karatasi aone. Akacheka mpaka akawaita wenzake, alafu akasema mdomo wa chungu changu haulali hivo wewe mjukuu, akanichukua kidole akanipitisha kwenye ule mdomo wa chungu mzunguko mzima ili nielewe, na dole gumba lake la udongo likabaki kwenye karatasi yangu. Tukaongea mpaka jua likawa kali, udongo unachimbwa wapi, chungu kipi kinapasuka motoni na kwa nini, mkwe gani mvivu. Na vyungu akaniuzia kwa bei ya mjini vile vile, urafiki na biashara kwake ni vitu viwili tofauti, nilimpenda zaidi kwa hilo.

Kuna mteja wangu mmoja anabisha, anasema tableti nayo ina kalamu yake, unachora humo humo ndani ya kaunta feki na hakuna anayejua. Sawa, inachora, tena vizuri, unafuta bila ufutio. Ila jua la saa saba skrini ya kawaida huioni, Juni na Julai baridi ya huku vidole vinagoma, na kubwa kuliko yote huwezi kuchana ukurasa ukampa mtu. Mimi naona ule ukurasa wa kumwachia mtu ndo penyewe. Kuna muuza mahindi pale kituoni kabandika mchoro wangu kwenye boksi lake, mbaya kweli ule mchoro, lakini kila nikipita ananiita kwa jina.

Angalizo kwa watakaojaribu: kambi za jeshi, polisi na madaraja ya reli achaneni nayo kabisa, hata kwa penseli. Na ukiwa stendi ongea kwanza na mlinzi, kuna kituo kimoja nilishikwa nikaambiwa nachora ramani ya kuja kuiba, ikabidi nimchore mlinzi mwenyewe ndo akaniachia, na akataka nimpunguze tumbo. Anayetaka karatasi yenye hadithi apite Iringa pale Neema Crafts, wenye ulemavu wanatengeneza karatasi kwa mkono, mpaka ya kinyesi cha tembo, na hainuki.

Ombi langu kwako mhariri ni hili. Kule Seattle Marekani kuna mchoraji anaitwa Gabriel Campanario, alihamia mji ule, akawa anauzoea kwa kuuchora, 2007 akaanzisha kikundi cha wachoraji wa mitaani mtandaoni, Urban Sketchers, leo kiko miji mingi duniani, na gazeti alilokuwa anafanyia kazi, The Seattle Times, likampa safu ya michoro yake ya mji. Sisi kwenye magazeti tuna katuni za siasa, nzuri tu, nazipenda, lakini mama wa viazi wa Uyole na fundi baiskeli wa Makambako hawamo humo mpaka siku ya ajali. Tupeni hata robo ukurasa Jumamosi, wasomaji wa Mbeya, Njombe, Iringa tulete michoro ya watu tuliokutana nao, na maneno mawili matatu ya walichosema. Mimi naanza na bibi wa Lyulilo, na lile dole gumba lake, niambieni tu mnataka ukubwa gani, maana penseli najua gazetini inafifia, nitapitisha wino mweusi juu.

Mwenye duka la steshenari,
Kabwe, Mbeya