Mwenye kisa ni Roxana, si wakili

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu kuigeuza tamthilia ile riwaya ya Mark Twain ya mwaka 1894, Pudd'nhead Wilson. Mwandishi anataka mchezo umzunguke wakili Wilson na mkusanyo wake wa alama za vidole, anaoutumia mahakamani kufichua siri ya kisa. Njia hiyo ilishapitwa: mwaka 1895 mwigizaji Frank Mayo aliipandisha jukwaani huko Marekani, na yeye mwenyewe akamcheza Wilson.

Mimi ningemfuata Roxana, mtumwa wa Missouri. Katika sehemu kumi na sita za damu yake, kumi na tano ni za kizungu, ila kwa sheria za huko mtoto alifuata hali ya mama, basi mwanawe mweupe naye ni mali ya bwana. Bwana anapotishia kuwauza watumwa wake kusini, kwenye mateso makali zaidi, Roxana anakata shauri ajitose mtoni pamoja na mtoto. Hataki mwanawe afe na matambara, anamvika gauni la mtoto wa bwana. Hapo ndipo anapogutuka: nani atawatofautisha? Hata baba mtu huwatambua kwa nguo tu! Basi anawabadilisha: mwanawe analelewa kama Tom, mrithi wa bwana, na mrithi anakua mtumwa. Tamthilia nzima imo katika gauni lile, na mwandishi wenu hakuligusa.

Makala inapendekeza pia vijana wale wawili wachezwe na mweupe na mweusi, ili watazamaji wasichanganyikiwe. Waacheni wachanganyikiwe. Roxana mwenyewe, Wilson anamsikia kwanza kupitia dirishani, akiongea kama watumwa wenzake. Akichungulia, anamwona mwanamke mweupe. Jukwaani, sauti yake itangulie nyuma ya pazia.

Wala pazia lisifungwe mahakamani kwa makofi. Tom, yule bwana wa bandia, anahukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji, kisha anasamehewa kwa sababu wadai wa mirathi wanamdai kama mali yao, na anauzwa kusini. Mrithi halisi anapata uhuru na utajiri, lakini hajui kusoma, anazungumza kitumwa, na sebuleni kwa wazungu anatetemeka; raha yake ni jikoni. Dakika za kuyaonyesha haya zitapatikana kwa kuwapunguza wale mapacha wa Kiitaliano wanaohamia mjini, ambao walimsumbua Twain mwenyewe hadi akawatengea kisa chao pembeni.

Mpenzi wa tamthilia,
Dar es Salaam