Mchanga wa kusubia si wa kumwagwa njiani

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu ujana wangu na sikuwahi kukuandikia, lakini ile habari ya karakana za kusubu vyuma hapa Mtwara, zinazoyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu, yaani maumbo ya mchanga, imenikera. Mwandishi wako ameuita mchanga uliokwisha kutumika taka isiyo na kazi. Si kweli. Joto la chuma kilichoyeyuka haliumalizi mchanga. Kinachoungua ni ule udongo wa mfinyanzi unaoushikanisha, hasa uliogusana na chuma. Vunja madonge, toa mabaki ya chuma, chekecha, uache upoe, ongeza udongo mpya kidogo na maji, unatengeneza kalibu nyingine. Mafundi wazoefu wanalijua hili.

Sasa kwa nini wanatumwagia? Mtaani kwetu mkokoteni ulishusha lundo jeusi kwenye njia ya watoto wa shule, eti kuziba mashimo. Mjukuu wangu akakanyaga kipande cha chuma chembamba kama wembe, kikatoboa kandambili mpaka unyayoni. Tukamkimbiza zahanati, akashonwa na kuchomwa sindano ya pepopunda. Nilipomfuata mwenye karakana akanijibu kwamba mchanga ukishatoka getini kwake si wake tena. Hilo ni jibu la kumpa bibi aliyebeba mtoto mwenye bendeji? Na ndani ya geti lake nimewaona vijana wanachekecha mchanga mkavu, leso zimefungwa puani. Leso haizuii vumbi lile! Vumbi laini la silika, madini yaliyomo kwenye mchanga huo, huingia ndani kabisa ya mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuponya. Wale ni watoto wa watu.

Huku malori hayapumziki kuchimba mchanga mpya mabondeni. Mashimo yanaachwa wazi, mvua zikija yanakuwa madimbwi, na hakuna wa kuyafukia.

Halmashauri iagize mchanga usitoke karakanani kabla ya kupitishwa kwenye sumaku na chekecheke. Asiye na pesa ya sumaku atoe kwenye spika mbovu. Alumini na shaba havivutwi na sumaku, kwa hiyo wavu uwe wa matundu madogo. Mchanga wa kusubia shaba utengwe kabisa, maana unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ule wa chuma ukichoka, kiwanda cha saruji hapa mkoani kiombwe kuupokea, kwani silika ni malighafi ya saruji. Na lile lundo la njiani kwetu, aliyelimwaga alizoe kwa gharama zake.

Bibi wa Magomeni,
Mtwara