Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Gavana: mawe ya maktaba yetu yamepelekwa wapi?

Kwako Mheshimiwa Gavana,

Assalaam alaikum. Natumai wewe na familia mko salama.

Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko kwenye baraza ya duka linalotazamana na kile kiwanja chetu cha maktaba, kwa hivyo haya ninayokuandikia sikuhadithiwa na mtu. Alhamisi iliyopita asubuhi lilikuja lori likaingia kiwanjani kinyumenyume, vijana wakashuka wakaanza kupakia yale mawe ya kujengea yaliyokuwa yamepangwa pale tangu msingi ulipochimbwa. Nikavuka barabara nikawauliza mnayapeleka wapi, dereva akanijibu kwa adabu tu, mama sisi tumetumwa. Nani kawatuma hakusema, na karatasi hakunionyesha. Mawe yalipoisha wakakwangua na ile kokoto iliyokuwa imeshaota majani, kibao cha mradi kikaangushwa na tairi na mpaka leo kimelala kifudifudi, jina la kaunti yako liko kwenye mchanga. Kilichobaki ni msingi na vyuma vilivyosimama kwenye pembe vimeshika kutu.

Mheshimiwa, sisi watu wa wadi hii tumevumilia sana. Tuliambiwa tungoje pesa ya Hazina itoke Nairobi, tukangoja. Tukaambiwa kontrakta ana kesi yake na idara, tukangoja. Lakini hili la kuja kubebewa mpaka mawe mchana kweupe, wallahi limenishinda kunyamaza.

Wacha nikukumbushe kwa heshima. Ulipokuja kuomba kura ulisimama hapa hapa ukasema watoto wetu hawatahangaika tena kutafuta pa kusomea. Baadaye ukarudi kuweka jiwe la msingi, kina mama wakakuimbia, wazee wakapiga dua, na ile familia iliyotoa kiwanja bila kudai hata shilingi moja ilikuwa imekaa mstari wa mbele. Ule uwanja wangeuuza wangepata pesa nzuri maana uko karibu na barabara, wakasema hapana, hii iwe sadaka inayoendelea ya mzee wao aliyefariki. Sasa wanatuuliza sisi majirani, je kaunti bado inakitaka kiwanja ama waanze kulima muhogo? Mimi sina la kuwajibu. Wewe una la kuwajibu?

Halafu kuna watu ofisini wanaongea kama vile maktaba ni zawadi tunayoililia. Mheshimiwa, Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kwenye kazi za kaunti, maktaba imetajwa kwa jina, iko pamoja na makumbusho na michezo. Sio kazi ya Nairobi tena. Zamani ilikuwa ya lile shirika la maktaba la taifa lililoundwa kwa sheria ya 1965, ungeweza kusema subirini serikali kuu, lakini leo maktaba ya mtaani kama hii iko mezani kwako na kwa waziri wako wa kaunti.

Na pesa nazo zina sheria yake. Vijana wa hapa wanaofuatilia mambo ya bajeti walinielekeza nikayaandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka unafika bungeni kwenu kabla ya Septemba 1, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30, na Juni 30 lazima yawe yamepitishwa. Maktaba yetu imo kwenye ule mpango wa miaka mitano wa 2023 hadi 2027, nimeuona ukurasa wenyewe. Lakini kuwa kwenye mpango na kuwa na pesa ni vitu viwili tofauti, hapo ndipo tunapochezewa. Mwaka wa kwanza iliwekwa pesa ya msingi tu, mwaka uliofuata nikaangalia kile kitabu cha bajeti pale kwa msimamizi wa wadi, wadi yetu ina taa za barabarani, ina kalvati, ina ukarabati wa ofisi, maktaba hamna. Haikukatwa ikapunguzwa, hamna kabisa!

Kwa nini? Hapa tunabaki kubahatisha kwa sababu hakuna anayetuambia. Wengine wanasema kontrakta hakulipwa ndio maana amekuja kubeba mawe yake, kama ni hivyo basi angalau tungeambiwa. Wengine wanasema pesa zilihamishwa kwenye bajeti ya ziada zikapelekwa wadi nyingine yenye kura nyingi. Mimi nadhani tatizo liko pia kwa waliopanga, kwa sababu walikadiria jengo kubwa la ghorofa lenye ukumbi wa mikutano, mchoro wenyewe ulibandikwa pale ofisi ya wadi, nani alituuliza kama tunataka ghorofa? Sisi tulitaka chumba chenye meza, vitabu, stima na mtu wa kukifungua. Ukipanga kitu kikubwa kuliko mfuko wako kinakufia kwenye msingi. Na nikitazama makadirio yale sioni mshahara wa mkutubi, sioni pesa ya vitabu, ni simiti na mabati tu. Hata jengo lingeisha, nani angekaa ndani? Zahanati zilizokaa zimefungwa kwa kukosa nesi tumeziona, hatutaki maktaba ya namna hiyo.

Wala sisemi mambo ya ndotoni. Kule Nairobi, mitaa ya Kaloleni na Makadara kuna maktaba ndogo za zamani zilizokuwa zimechakaa, shirika la Book Bunk likakubaliana na kaunti wakazifufua na watoto wa mitaa hiyo wanasoma humo, sio majumba makubwa yale. Garissa tangu 1996 vitabu vilikuwa vinabebwa na ngamia kupelekewa watoto wa wafugaji. Ngamia, Mheshimiwa! Sisi tuko kwenye lami.

Sasa nikwambie inatugharimu nini. Nina watoto watatu, mkubwa yuko Gredi 9. Huu mtaala mpya wa shule, CBC, kila wiki mtoto anaambiwa akatafute habari za kitu fulani aje na picha. Simu nyumbani ni yangu moja, ndiyo ya wateja na ndiyo ya bando, kwa hivyo tunaenda saiba, shilingi 10 kuchapa karatasi moja kwa wino mweusi, ya rangi ni zaidi, na kukaa kwenye kompyuta ni pesa nyingine. Kuna wiki nalipwa suruali mbili za kupunguza na zote zinaishia saiba. Mtoto ambaye mamake hana hata hizo anakaa nyuma ya darasa na daftari tupu na mwalimu anamwandika hakufanya kazi. Maktaba iliyo karibu iko mjini, nauli ya kwenda na kurudi inapita bei ya kilo ya unga, nani atampeleka mtoto huko kila Jumamosi? Usiku binti yangu anakuja kusomea hapa barazani kwa sababu mwenye duka anaacha taa ya nje ikiwaka. Msichana wa miaka kumi na minne, saa tatu usiku, barabarani, bodaboda zinapita zinamwita. Mimi nabaki nashona nguo zisizo na haraka ili nisimwache peke yake. Mgongo unaniuma na macho yameanza kunisumbua lakini nitafanya nini?

Hilo ndilo linalonikera kuliko mawe yenyewe. Hawa watoto wanataka kusoma. Hatuwabembelezi. Wamekosa pa kukaa tu.

Ombi letu ni hili. Makadirio ya mwaka ujao hayajafika bungeni, Aprili 30 bado iko mbele yetu. Weka maktaba ya wadi hii kwenye bajeti, kwa jina lake, na hesabu yake ionekane. Futeni ule mchoro wa ghorofa, jengeni chumba kimoja kizuri juu ya ule msingi uliopo, na muweke mkutubi kwenye orodha ya mishahara ya kaunti kabla hata hamjapaka rangi. Kama mwaka huu pesa ya jengo kweli haipo, basi kile chumba cha pili cha ofisi ya wadi kinachowekewa viti vibovu kifunguliwe jioni, kiwe na taa na meza na mtu mmoja wa kukisimamia, hicho hakihitaji tenda. Na tuambieni mawe yetu yako wapi.

Mkutano wa wananchi kuhusu bajeti ukiitishwa tutakuja, safari hii sio sisi kina mama peke yetu, tutakuja na watoto na ile familia iliyotoa kiwanja. Tunataka utupe jibu kwa maandishi, lenye sahihi yako na kiasi cha pesa. Libandikwe pale ofisi ya wadi ambapo mchoro ulikuwa, kila mtu asome.

Wako katika kujenga kaunti,
Fundi cherehani, mzazi na mpiga kura wa wadi hii