Malalamiko: Mmeninyima Haki ya Kughairi Mkopo wa Nyumba Ninayoishi

Minneapolis, Minnesota

Kwa Meneja, Idara ya Mikopo ya Nyumba

Bwana Meneja,

Kwa heshima, naandika kwa Kiswahili kwa kuwa mlangoni mwenu mmebandika kwamba mteja atahudumiwa kwa lugha yake. Naomba barua hii isomwe hadi mwisho.

Jumatatu ile, saa tisa alasiri, niliweka barua ya kughairi mkopo mezani kwa afisa wenu. Hakuisoma. Aliisukuma kwa ncha ya kalamu, akasema foleni nzima ikisikia: "Hii ni nyumba ya kupangisha. Wenye nyumba za kupangisha hawana siku tatu za kughairi."

Nyumba ya kupangisha ipi? Ni dupleksi. Mimi naishi chini, mpangaji anaishi juu. Watoto wangu wanalala pale. Bili ya gesi na leseni yangu ya udereva zina anwani hiyohiyo, na fedha zilikuwa za paa la nyumba hiyohiyo. Kanuni Z, ile kanuni ya serikali kuu kuhusu mikopo ya wateja, inalinda makazi makuu ya mkopaji, na mpangaji wa juu hanihamishi mimi kutoka chini. Ningekuwa nimeweka rehani nyumba nisiyoishi, ningenyamaza, maana najua huko haki hiyo haipo.

Nilisaini Alhamisi. Hesabuni: Ijumaa, Jumamosi (nayo imo, Jumapili ndiyo haimo), Jumatatu hadi saa sita usiku. Sababu ya kughairi ni yangu, sheria hainidai niieleze. Lakini Ijumaa mlikuwa mmeshamtumia fundi wa paa dola 6,200, na hamruhusiwi kutoa hata senti kabla ya siku hizo kwisha! Mke wangu, ambaye jina lake limo kwenye hati ya nyumba, hakupewa notisi ya haki ya kughairi hata moja. Alistahili nakala mbili, nami mbili. Mimi nilipewa moja, yenye nembo yenu. Kama haki haikuwepo, mlinipa ya nini?

Narudi kwenye ile kalamu, kwa sababu sijalala vizuri tangu siku hiyo. Alipoisukuma karatasi, ilipita ukingo wa meza ikaanguka. Mke wangu ndiye aliyeinama kuiokota, huku watu wakitutazama kama wezi. Alipoinuka, afisa alikuwa ameshamwita mteja mwingine. Hakuna aliyetuambia hata pole. Tulitoka moja kwa moja hadi posta, tukaituma kwa rejista kabla hapajafungwa. Risiti ninayo, na kwa sheria barua huhesabiwa siku iliyotumwa.

Nilipoanza kuandika nilitaka mnirudishie dola 475 za ukadiriaji wa nyumba tu. Sasa nataka ada zote, na rehani ifutwe kwenye nyumba yangu ndani ya siku 20, kama sheria inavyowaagiza. Nataka pia afisa huyo amwombe mke wangu msamaha kwa maandishi.

Msidhani nitachoka. Notisi isipotolewa ipasavyo, muda wa kughairi unaweza kufika miaka mitatu, nanyi mnalijua hilo. Siku ya 21 ikinikuta bila jibu, malalamiko yatafika kwa Mwanasheria Mkuu wa Minnesota na kwa ofisi ya serikali kuu inayolinda wateja wa mabenki, na wakili wangu ndiye atakayekuja mezani kwenu.

Wako,
Mkopaji, ghorofa ya chini