Kibanda mgongoni au tela nyuma? Kabla hujachagua, tupime springi

Mwezi uliopita tulitembelewa na mteja kutoka Iringa. "Kamwene, fundi," kisha kabla hata hajakaa kwenye benchi akanipa simu nitazame. Kwenye video kulikuwa na pikapu kubwa ya Kimarekani, matairi mawili mawili nyuma, inavuta nyumba. Nyumba kabisa: ina ngazi, dirisha la jikoni, na upande mmoja sebule inachomoka ubavuni kama droo ya kabati. Shingo ya hiyo nyumba imelala juu ya bodi ya pikapu. Mzee wetu anapeleka wageni Ruaha, na msimu wa maua anawapandisha Kitulo, na amechoka kukunja mahema yaliyolowa. "Nitengenezee kama hii. Gari ninalo."

Gari lenyewe lilikuwa nje, Hilux ya dabo kabini, safi, matairi mapya.

Swali lake tunaliulizwa mara nyingi. Wanunuzi wa parachichi wanaolala mashambani Rungwe wanalo, wafuga nyuki wanalo, wachimbaji wa Chunya wanalo. Nitengeneze kibanda cha kukaa juu ya bodi ya pikapu, au tela la kulala linaloungwa kwa sahani? Basi nieleze jinsi sisi tunavyolijibu hapa gerejini kwetu Uyole, Mbeya, ili ukija tuanzie mbele kidogo.

Kibanda ni sanduku la kulala linaloingia ndani ya bodi ya pikapu na kufungwa kwa minyororo au boliti. Kina jeki nne kwenye pembe. Ukifika unakopiga kambi unaziteremsha, kibanda kinasimama chenyewe, unalitoa gari chini yake na kwenda dukani. Maelezo yake ni hayo tu.

Tela la sahani linahitaji maelezo zaidi, ingawa kila anayeishi kando ya barabara ya Tunduma analiona kila siku bila kulitilia maanani. Ni mtindo uleule wa malori yanayokwenda Zambia na Kongo: kichwa kina sahani ya chuma iliyopakwa grisi, tela lina pini, pini inaingia kwenye sahani na kujifunga. Wamarekani huiita sahani hiyo gurudumu la tano, kwa sababu zamani kwenye magari ya farasi kulikuwa na duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili iweze kugeuka, na duara hilo lilifanana na gurudumu la ziada. Aliyelipeleka jambo hili kwenye nyumba za kulala ni mtengeneza ndege, Glenn Curtiss, miaka ya 1920. Mimi hupenda kuwasimulia wateja habari hiyo. Mke wangu, anayeshika vitabu vya gereji, husema napoteza muda wa watu.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu analo. Watu huamini kwamba kibanda gari linakibeba, na tela gari linalivuta tu, kwa hiyo tela ni nafuu kwa springi. Kwa tela la ndoano, lile la mpira wa chuma nyuma ya bampa, kuna ukweli: mzigo unaoshuka kwenye ndoano ni kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Tela la sahani si hivyo. Pini yake hushusha kama asilimia 15 hadi 25, na huushusha katikati ya bodi. Chukua tela la tani 3, ambalo kwa Wamarekani ni dogo. Asilimia 20 ni kilo 600. Ongeza sahani na fremu yake. Hapo hujavuta tu, umebeba, na umebeba palepale ambapo kibanda kingekaa.

Mzee hakuniamini, na sikumlaumu. Tukachukua tepu, tukapima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa madigadi. Kisha vijana wakapakia mifuko 12 ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, wakaipanga mbele karibu na kioo cha nyuma na juu ya ekseli. Tukapima tena. Gari lilikuwa limekaa sentimita nane chini. Nikamwambia aingie, na wajukuu zake wawili waliomsindikiza nao waingie nyuma. Akashuka, akainama kutazama springi zilivyonyooka, akaweka vidole vitatu kati ya springi na raba ya kuzuia kugonga. Vidole havikuingia vyote. Hakusema kitu, akaomba maji ya kunywa.

Pikapu nyingi za ukubwa huu zina uwezo wa kubeba kama tani moja, nyingine chini ya hapo, na tani hiyo si ya kibanda peke yake. Watu wazima wanne ni kama kilo 300. Bampa la chuma na keria ulizoongeza, tuseme 80. Umebaki na 620. Kibanda chepesi tunachotengeneza kwa bomba za mraba na plaiwudi kikiwa kitupu ni kilo 450. Maji lita 80 ni kilo 80. Betri, mtungi wa gesi, godoro, sufuria na unga, weka 100. Umefika 630, umeshapitiliza na bado mama hajapakia viazi vya Njombe njiani. Ndiyo maana tunamwomba mteja atuletee gari likiwa na watu wake na mizigo yake ya kawaida, si gari tupu lililotoka kuoshwa.

Urefu wa bodi nao ni kesi yake. Bodi ya dabo kabini ni kama mita moja na nusu. Sahani inatakiwa kukaa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Ukiiweka hapo kwenye dabo kabini, siku utakayokata kona kali pembe ya tela inakuja kugonga kabini. Ukiirudisha nyuma ili isigonge, mzigo unakwenda nyuma ya ekseli, na hapo unaanza kuinua pua ya gari.

Kuinua pua ninakujua, na somo lenyewe nililipa mwenyewe. Kibanda chetu cha kwanza tulikitengeneza kirefu ili kitanda kitoshe, kikaning'inia karibu mita moja nje ya bodi, na tenki la maji tukaliweka mwisho kabisa kwa sababu bomba lilikuwa fupi. Uvivu, hakuna jina lingine. Nikalijaribu gari mwenyewe kwenye Mlima Nyoka. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Mlimani stelingi ikawa nyepesi kama ya gari la watoto, nakata kushoto na gari linafikiria kwanza. Nilirudi taratibu, tukakata fremu yote, tenki likahamia mbele. Tangu siku hiyo hakuna kibanda kinachotoka hapa kabla hatujapata kitovu cha uzito wake na kukitia alama ya rangi ubavuni. Alama hiyo lazima ikae mbele ya ekseli ya nyuma. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, si stelingi tu inayoumia; chesisi ya dabo kabini inaweza kujikunja nyuma ya kabini, na chesisi iliyojikunja hata ukiinyoosha huwezi kuiamini tena.

Mpaka hapa utadhani nalichukia tela la sahani. La hasha. Likiwa nyuma ya gari linaloliweza, hutulia barabarani kuliko tela la ndoano, haliyumbiyumbi basi kubwa likikupita kwa kasi pale Igawa. Ndani lina nafasi ya kusimama, kuoga na kupika huku wengine wamelala. Na ukishalitega mahali, unabaki na gari jepesi. Kama wewe ni mtu wa kuweka kambi moja miezi mitatu, tuseme unasimamia uchimbaji wa visima, sahani ni jibu zuri. Lakini njoo na Canter, au pikapu ya bodi ndefu yenye chesisi na springi za kazi.

Halafu kuna barabara zetu. Wageni wa mzee wanataka Kitulo, na ukitokea Chimala kwenda Matamba unapanda zile kona zinazoitwa Hamsini na Saba kwa sababu ndivyo zilivyo, 57. Tela haliifuati njia ya kichwa, hukata kona kwa ndani. Kwenye barabara ya lami pana hulioni hilo. Kwenye kona inayojirudia, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine bonde, magurudumu ya tela ndiyo yanayochagua yatapita wapi. Ukikutana na lori la viazi linashuka, mmoja wenu lazima arudi nyuma, na mara nyingi atakuwa mwenye gari dogo.

Kushuka nako. Mteremko wa Kitonga kila dereva anaujua, anajua ushuke na gia uliyopandia. Tani 3 nyuma yako bila breki zake zenyewe ni mtu anayekusukuma mgongoni kilomita baada ya kilomita. Tela lolote zito tunalotengeneza linatoka na breki zake, na mteja akitaka tuziondoe kupunguza bei tunamrudishia pesa yake. Kupanda pia usisahau kwamba tuko juu. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, na Mbeya mjini tayari uko kwenye 1,700. Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, isiyo na tabo, inayovuta vizuri Dar, huku itapumua kama mzee.

Mambo ya karatasi nitayapita haraka. Tela lina usajili wake na namba yake, kibanda ni mzigo. Uzito wa jumla ukifika tani 3.5, mizani inakuhusu. Leseni yako iangalie kama inakuruhusu kuvuta. Na mtu hakai ndani ya tela likiwa linatembea, hata kama mvua inanyesha.

Jambo moja ambalo halitegemei umechagua nini: baridi. Mwezi wa sita na wa saba, Makete na Kitulo huota sakitu, ule umande ulioganda. Kibanda cha bati tupu kitakuamsha kwa matone, maana pumzi za watu wawili usiku kucha zinagota kwenye bati na kurudi kama mvua. Tunaweka foam kati ya bati na plaiwudi, na tundu la hewa juu na jingine chini. Kuna watu hutuomba tuyazibe ili joto lisitoke. Hatuzibi. Jiko la mkaa usiliingize ndani hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hewa yake haina harufu na ukilala hutaamka. Mtungi wa gesi unakaa kwenye kisanduku chake nje, chenye tundu sakafuni, kwa sababu gesi ikivuja hushuka chini.

Mzee wa Iringa hatukumpa kibanda kikubwa wala tela la sahani. Gari lake tumelitengenezea kibanda kifupi chenye paa linaloinuka kwa mkono, kilo 280 kikiwa kitupu, kitanda kimoja cha yeye na dereva wake. Wageni wanalala kwenye tela dogo la ndoano lenye mahema mawili yanayofunguka juu yake, jumla kilo 900, na kwenda Kitulo tela linabaki Chimala, wageni wanalala chumba cha kupanga Matamba. Alilalamika kwamba havifanani kabisa na video. Kweli havifanani. Kibanda kimebakiza mlango na rangi, na juzi amepiga simu kuuliza kama tunaweza kuweka dirisha la jikoni.